Udi wa Kila Siku

Pua yangu ilikufa mwaka ule wa barakoa. Wengine waliugua wakapona na kila chao kikarudi. Mimi homa iliondoka, kifua kikafunguka, pua ikabaki huko huko ilikokwenda. Nami kazi yangu ni kupika udi. Ukitaka kucheka cheka, mwenyewe nimecheka. Ni kama kinyozi aliyepatwa na kutetemeka mikono: kunyoa ajua, lakini nani atampa kichwa?

Naanza na pua kwa sababu bila hiyo sina la kueleza. Watu wa kwetu Kisauni wakikuhadithia jambo huanzia kwa babu wa mtu. Mimi naanzia puani. Na usinione naandika ukadhani nilisoma sana. Chuoni kwa maalim nilikwenda nikahitimu msahafu, skuli nikaionja tu, kisha nikaozwa. Kalamu nilikuja kuishika sawasawa uzeeni, katika masomo ya watu wazima, nikifundishwa na kijana ambaye mama yake nilimpamba siku ya harusi yake. Tuyaache hayo.

Udi wangu ni ule wa sukari. Waiweka sukari motoni mpaka iyeyuke iwe na rangi ya asali, watia marashi, watia unga wa sandali na vipande vya udi wenyewe, kisha wakoroga huku wanusa. Ukiwahi kuepua, udi ni mchanga, ukiutia juu ya kaa wanuka peremende. Ukichelewa, wanuka sufuria. Baina ya hayo mawili pana nafasi ndogo, nami nilikuwa naijua kwa pua tu, macho hayakusaidii. Basi pua ilipokufa, mjukuu wangu akawa pua yangu. Akirudi skuli huinama juu ya sufuria kabla hata ya kuvua viatu.

"Nyanya, bado."

Tunangoja.

"Nyanya, epua. Epua sasa."

Alikuwa hakosei. Wateja wangu hawakujua kwamba udi wanaofukiza umepikwa na pua ya msichana wa kidato cha pili.

Nyumbani tu wanawake watatu: mimi, binti yangu, na huyo mwanawe. Mume wa binti yangu alimuacha akaoa Likoni. Mwanzo alikuwa akija kumchukua mtoto kila sikukuu, kisha akawa asahau, kisha akawa asahau hata kusahau kwenyewe. Binti yangu ni karani wa skuli hiyo hiyo anayosoma mtoto. Hilo lilikuwa fahari yetu, na ndilo lililokuja kutukaba.

Sasa sikiliza. Udi una siku zake. Kwetu ni Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa. Ni wageni wa heshima, ni bi harusi, ni mtoto mchanga akitolewa nje, ni Idi. Siku nyingine nyumba inukie chakula, inatosha. Lakini mwaka jana, baada ya mfungo, binti yangu akaanza kuwasha chetezo cha kufukizia udi kila siku. Jumatatu moshi, Jumanne moshi. Nguo atandaza juu ya tenga, zake na za mtoto, azifukiza mpaka sare za skuli. Mimi moshi nauona, harufu siijui. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama, hawa jirani hawatupi taka zao. Harufu yaingia mpaka chumbani. Wewe umepumzishwa, hunusi."

Nikakubali. Tena nilifanya zaidi ya kukubali, nilifurahi. Maana mwanamke aliyeachwa akianza kujifukiza kila siku, watu wa pwani twajua maana yake. Nikasema Alhamdulillahi, kuna mtu. Nikawa namwekea kando udi ulio bora, ule wenye vipande vikubwa, nikimwambia ni mabaki. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke wa maneno yule, akawa anipitia mlangoni.

"Bi mkubwa, kwenu kwanukia kama kwa bi harusi. Pilau twaila lini?"

"Subira," namwambia. "Wali haupakuliwi ukichemka."

Nami moyoni nimeshachagua leso nitakayovaa.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo nalitaja hapa kwa sababu hapa ndipo pake. Wateja walianza kulalamika. Mmoja alirudi na kopo lake akasema udi wangu siku hizi waungua. Mwingine akasema ni mtamu mno, kama halua. Nilimwambia mjukuu wangu, naye akaniambia wateja wana makuu. Sikutia akilini kwamba pua ya mtoto nayo yaweza kuharibika.

Siku moja likaja tangazo kutoka skuli: wazazi na walezi wote, na wafanyakazi wote wa skuli, kuanzia walimu mpaka mpishi na bawabu, waje Jumamosi kwa mafunzo ya kuwakinga vijana na madawa ya kulevya. Binti yangu alikuwa lazima aende kwa kazi yake. Mimi nilikwenda kama mlezi, maana ndiye niliyeandikwa. Pia, nisidanganye, niliambiwa kutakuwa na mahamri.

Tulikaa ukumbini, wanawake wengi, wanaume wachache waliokaa karibu na mlango kama waliokuja kuuliza njia. Mbele alisimama mkufunzi, kijana wa bara, mpole, shati limepigwa pasi. Alisema "madawa ya kulevya zimeingia mashuleni," na jirani yangu, naye amekuja, akaniinamia sikioni.

"Kiswahili chake chatembea na mkongojo, masikini."

"Mwache," nikamwambia. "Chatembea, lakini chafika."

Na kweli kilifika. Alitaja majani ya muguka, alitaja vidonge ambavyo watoto huviita bugizi, alitaja bangi, alitaja unga. Alipotaja unga hata wanaume wa mlangoni waligeuka, maana hakuna nyumba kwetu isiyokuwa na jeneza la unga, iwe lao au la jirani. Mtaani kwetu palikuwa na mama, Mungu amrehemu, mwanawe alikuwa akiteseka na unga na mtaa mzima twajua. Tulikuwa tukimuona kijana amesinzia wima nyuma ya msikiti. Mama yake alikuwa akituuliza, "Mwanangu mwamuonaje, mbona akonda?" nasi twamwambia ni kukua. Kumsitiri, twaita. Alikuja kujua siku alipotaka kupika akakuta sufuria zote zimeuzwa. Hata hapo tulimletea sufuria, neno hatukumletea.

Mkufunzi akaendelea na dalili. Macho, usingizi, marafiki wapya, hasira za ghafla. Akasema: mzazi, jizoeze kunusa nguo za mtoto akirudi nyumbani. Jirani yangu akanitazama, na mimi nikajitazama miguuni. Akasema pia mzazi asipige kelele, asimuulize mtoto mbele za watu, amuulize kisha anyamaze angoje jibu. Kisha mwalimu mkuu akasimama, mtu mzima wa heshima zake, akasema mbele yetu sote: "Mtoto atakayeletwa na mzazi wake kwa hiari, hapa hafukuzwi. Atasaidiwa. Nawaahidi."

Watu wakapiga makofi. Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa amekaa na wenzake wa ofisini, mikono mapajani, hapigi.

Baada ya chai mkufunzi akasema sasa tufanye kwa vitendo. Atachagua mzazi mmoja na mfanyakazi mmoja, mmoja awe mtoto, mwenziwe awe mzazi, waje mbele waigize mtoto aliyerudi nyumbani amevuta. Akaashiria kwa kidole: wewe bibi hapa, na wewe dada wa ofisini pale. Hakujua. Watu walianza kucheka, mtu akataka kumwambia hao ni mama na mwana, mpishi wa skuli akasema, "Mwacheni, itakuwa tamu." Binti yangu alitikisa kichwa, lakini wenzake wakamsukuma.

"Bibi awe mtoto," akasema mkufunzi.

Basi mimi katika ujana wangu nimecheza vugo, ngoma yetu ya wanawake, harusi ngapi sijui, kuigiza watu ndiyo kazi yetu sisi wanawake wa zamani kule ndani. Nilijifunga leso kichwani kama mtandio wa wasichana wa sasa, nikaingia nikiburura miguu, jicho moja nimelifumba. Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikasema kwa sauti ya kitoto, "Mama, leo hakuna chakula? N'na njaa mimi."

Binti yangu alisimama tu. Mkufunzi akamhimiza, "Mzazi, umenusa moshi kwa nguo ya mtoto. Sema kitu." Nikamsogelea, nikamwegemea begani kama watoto wanavyoegemea, maana nilitaka kumsaidia, nilidhani ameona haya ya watu.

Naye akasema, taratibu, kama mtu anayesema jambo alilozoea kulisema:

"Vua. Vua haraka, nipe hiyo sare niifukize. Na usimkaribie nyanya yako mpaka nimalize. Nyanya hanusi, lakini macho anayo."

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. Jirani yangu alipiga paja. Mkufunzi naye akatabasamu akasema vizuri sana, huu ni mfano wa mzazi anayeficha, asante dada, na akageukia ubao. Mimi nilibaki nimeegemea bega la mwanangu. Sikumtazama. Nilifungua leso kichwani, nikaikunja, nikarudi kukaa. Mahamri yangu mengine sikuyala, na anayenijua ajua maana ya hilo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, njia ya ndani ndani, jua la mchana likituchoma. Nilitangulia mpaka nusu ya njia. Kisha nikamuuliza, "Tangu lini?"

"Tangu baada ya mfungo."

"Bangi?"

"Bangi. Si unga, mama. Wallahi si unga. Kila siku namkagua mikono."

"Nami nilidhani una mchumba," nikamwambia. Akacheka na machozi yakimtoka, watu wapita, akajifunika uso kwa mtandio.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ni mtoto wa kike, mama. Likitoka neno moja, nani atakuja kumposa? Na kule skuli wewe umesikia ahadi. Mimi zile barua za kuwasimamisha watoto nazipiga chapa mwenyewe. Mwaka huu walikuja wazazi kwa hiari yao, wamewashika wana wao mkono. Barua nikazipiga vilevile. Niipige na ya mwanangu?"

Nilitaka kukasirika kwa kufichwa ndani ya nyumba yangu, na kwa udi wangu mwenyewe. Lakini kila nikiifungua hasira namuona yule mama wa sufuria na sisi tuliomzunguka tukisema ni kukua. Binti yangu hakuyavumbua haya. Aliyaona kwetu, alipokuwa mdogo amekaa mapajani mwangu.

Mtoto tulimkuta jikoni amepika wali na kunde, maana hakuwa mtoto mvivu, hata mambo haya yalipomshika. Tulikula. Baada ya sala ya alasiri nikamwita uani, tukakaa mkekani, mama yake nikamwambia abaki ndani. Nikamuuliza: "Mama yako akufukizia nguo kila siku kwa nini?"

Kisha nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Nakwambia kunyamaza huko kulinishinda kuliko uchungu wa kuzaa. Mimi maneno kwangu ni kama maji ya mfereji uliovunjika. Nilivuta tasbihi, nikatazama kuku wa jirani, nikauma ulimi. Yeye alikuwa achora mchanga kwa kidole.

"Nikivuta kichwa hunyamaza, nyanya," akasema mwisho.

"Chasema nini kichwa?"

"Kila kitu. Baba. Mtihani. Kila kitu kwa pamoja."

Nilitaka kusema baba yako si mtu wa kukunyima usingizi. Nikauma ulimi tena. Akaniambia wanavutia wapi, kwenye nyumba moja isiyokwisha kujengwa, yeye na wenzake wawili, na kwamba amejaribu kuacha akawa halali, halafu hasira zamjia kwa mama yake bure. Halafu akasema jambo lililonichoma kuliko yote.

"Udi wako nao siunusi vizuri tena. Nakwambia epua nikikisia tu. Nilikuwa naogopa utajua."

Jumatatu tulikwenda skuli sote watatu. Niliyetaka ni mimi, na mtoto alikubali. Binti yangu alikuja kwa kuwa ni kazini kwake, hana pa kukimbilia. Asubuhi hiyo hakuwasha chetezo. Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima, akanipa kiti, akaniamkia shikamoo. Mwalimu wa nasaha, mama mmoja mtaratibu, aliitwa akakaa karibu na mtoto. Niliwaeleza yote. Mtoto naye akasema kwa kinywa chake, sauti ndogo lakini akasema.

Mwalimu mkuu alituvumilia mpaka mwisho, akakubali kwa kichwa, akasema tumefanya jambo la kishujaa. Akasema mtoto atazungumza na mwalimu wa nasaha kila wiki, na zahanati ya karibu ina mtu wa mambo hayo, tutaelekezwa. Nikasema Alhamdulillahi. Halafu akasema, "Ila kuna utaratibu. Atakaa nyumbani kwa muda kidogo, kisha arudi. Bodi hutaka kuona kwamba hatua imechukuliwa. Ni barua tu, bi mkubwa. Ya kuwekwa kwenye faili."

"Uliahidi," nikamwambia.

"Sijamfukuza. Nimemsimamisha."

Mwalimu wa nasaha aliangalia chini. Nilimuona kwamba asingeiandika barua ile, lakini hakuulizwa. Na aliyeulizwa nani? Karani, aliyekuwa mezani pake chumba cha nje. Mwalimu mkuu alitoka kidogo mlangoni akasema kama anavyosema kila siku, "Niandikie barua ya kusimamishwa, jina ni..." akakumbuka jina ni la nani, akakohoa.

Binti yangu akakaa kwenye kompyuta yake. Mimi na mtoto tulikuwa kwenye benchi la nje, mlango wazi. Sauti ya vile vitufe nilikuwa naijua, nikija kumletea chakula cha mchana husikika kama mvua juu ya mabati. Siku hiyo ilikuwa tone, kisha tone. Mtoto akaniuliza, "Nyanya, ni mimi hiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake, akaweka mkono pale begani, mpaka barua ikaisha.

Habari haikukaa. Kwetu neno lina miguu kuliko mbuzi. Jirani yangu hakuuliza tena habari za pilau. Kuna mama wa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeniambia siku ile ya semina, mkono kinywani, kwamba naye ana la kusema na atakwenda kwa mwalimu mkuu. Hakwenda. Alikuja kwangu kununua udi, kopo kubwa, na wiki iliyofuata akaja tena. Si yeye peke yake. Tangu barua ile biashara yangu imenenepa, na kila kopo likitoka mlangoni naona kama ninauza pazia. Siku hizi mteja akija namuuliza, "Huu ni wa Alhamisi, au wa kila siku?" Wote hujibu wa Alhamisi. Nawaambia, ukiwa ni wa kila siku, uani kwangu papo, mkeka upo, na mimi nimejifunza kunyamaza kidogo. Hucheka wakaondoka. Mwalimu wa nasaha hupita kunijulia hali, naye amesema kwamba semina ya pili waliokuja walikuwa haba, na hakuna aliyeuliza swali.

Mtoto alirudi skuli. Huenda zahanati, siku nyingine kwa hiari, siku nyingine kwa kusukumwa. Wenzake wawili bado wapo kwenye ile nyumba isiyokwisha, naye apita hapo kila siku, njia ni moja. Baba yake aliletewa habari. Akasema amuombea dua.

Nyumbani udi umerudi kwenye Alhamisi yake. Siku nyingine chetezo kimelala chini ya kitanda changu, kimefunikwa kwa gunia. Mtoto akirudi haendi kubadili nguo kwanza. Huja uani, hukaa karibu nami mpaka magoti yagusane, na sare yake hivyo ilivyo, maana mimi siwezi kunusa, sharti niambiwe.

"Leo nguo zanuka nini?" namuuliza.

Mara nyingi hujibu chaki. Hujibu jasho, hujibu samaki wa kina mama wa pale njiani. Jana alikaa akachora mchanga kwa kidole muda mrefu, nami nikauma ulimi, kuku wa jirani wakapita wakarudi.

"Moshi, nyanya."

Nikamshika mkono. Mama yake alikuwa mlangoni amesikia, akageuka kutazama ndani, kwenye chetezo chini ya kitanda changu, kisha akaja akakaa upande wa pili wa mkeka.